Mkono wa Kushoto wa Bampa

Kwa miaka tisa tulikuwa wawili kwenye gereji yetu ya Nyeri, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye darasa moja huko Gakindu. Mimi nilikuwa mtu wa injini na wa kufungafunga vitu. Yeye alikuwa mtu wa bodi. Alichomelea bati jembamba kama mtu anayeshona nguo, halafu akapitisha kiganja juu ya mshono huku amefumba macho. Wateja walidhani ni madoido. Mimi nilijua kiganja kile kinaona kuliko macho yangu mawili, na bado siku ilipofika nilijifanya sijui.

Gari lenyewe lililetwa juu ya lori kutoka Kerugoya. Lilikuwa gari dogo la spoti la viti viwili, jekundu, lililotuzidi umri sisi wote wawili. Mwenyewe alikuwa muuguzi mstaafu. Marehemu mumewe alilinunua wakiwa wachumba, akaugua, na gari likabaki kwenye banda la ng'ombe likitagiwa mayai na kuku. Mama yule alitaka kitu kimoja tu: kuliendesha mwenyewe hadi kanisani siku ya harusi ya kitinda mimba wake.

Chini ya pua, kutu ilikuwa imekula bati lote. Rafiki yangu alikata sehemu iliyooza akachomelea mpya, kazi ya wiki tatu. Mimi nilifungua bampa ya mbele pamoja na ile mikono miwili ya chuma inayoishikilia kwenye fremu, ili mikono hiyo ikasafishwe na kupakwa rangi. Nilipokuwa naitia kwenye gunia aliniambia, "Huo wa kushoto ufunge kamba, usije ukachanganya."

"Wewe, mimi si mtoto," nikamjibu.

Siku ya kuirudisha bampa, haikukaa. Upande wa kushoto ilibana bodi karibu kukwaruza rangi. Upande wa kulia ilitokeza mbele, mpaka gari likaonekana kama mtu aliyekunja mdomo. Nililegeza nati, nikakaza upya. Nikaongeza washa chini ya nati huku, nikapunguza kule. Nikapanua matundu kwa tupa. Siku ya tatu nilikuwa nimechoka na nimekasirika, nikatafuta wa kulaumu, na aliyekuwa karibu ni yeye.

"Moto wako umevuta pua ya hili gari," nikamwambia.

"Ati moto wangu?" Hakupandisha sauti. Alichukua kamba, akaniomba nishike ncha moja, akapima kona hadi kona, kisha akapima tena kwa njia ya msalaba. "Pua iko sawa. Hebu angalia hiyo mikono."

"Mikono haijaona moto. Bati ndilo umelichoma wewe."

Tukiwa hapo, mama wa Kerugoya akaingia. Harusi ilikuwa imebakisha siku nne. Aliitazama bampa, akatutazama sisi. "Sasa hii ni nini, mafundi?"

Ningesema bado tunatafuta. Lilikuwa jibu la kweli na lingetosha. Badala yake nilisema, "Mama, mimi nimefanya yangu. Lakini siwezi kunyoosha kitu mtu mwingine ameharibu."

Rafiki yangu aliikunja ile kamba polepole kwenye vidole. Nadhani alikuwa ananisubiri niyarudishe maneno. Niliinama nikajifanya natafuta spana. Akamwambia mama, "Pole sana, mama," kisha akaanza kukusanya vitu vyake, na kabla ya jua kutua mashine yake ya kuchomelea ilikuwa imeondoka juu ya pikapu ya jirani.

Asubuhi iliyofuata niliifungua mikono ile, nikikusudia kuipinda kwa jeki. Nikailaza sakafuni, mmoja kando ya mwingine. Mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenziwe kwa upana wa kidole. Nilikaa chini juu ya tairi. Kisha nikaurudisha wa kushoto kushoto na wa kulia kulia, na bampa ikaingia mahali pake kwa kusukumwa na goti tu. Haikunichukua hata nusu saa.

Simu ilikuwa mfukoni. Nikajiambia nitampigia nikimaliza kupiga polishi. Nilipomaliza, nikajiambia nitampigia baada ya harusi.

Mama alikuja kulichukua gari akacheka kama msichana. Aliipapasa bampa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. "Kumbe ilikuwa shida gani?"

"Ilihitaji kunyooshwa tu," nikasema.

Yale maneno ya kwanza niliyasema kwa hasira. Haya ya pili niliyasema nikiwa nimetulia, nimekunywa chai.

Mama yule hakuwa mbaya. Alisimulia alichokiona: fundi wa bodi aliharibu, mwenzake akaokoa. Wenye magari ya zamani kuzunguka mlima huu ni wachache na wote wanajuana. Haukupita mwaka nikasikia rafiki yangu amehamia Chaka, anachomelea mageti na vizimba vya kuku.

Nilikaa na jambo hilo miaka miwili. Ndipo tukakutana mazishini huko Gakindu. Alinipa mkono, akauliza watoto wangu wako darasa la ngapi, akaenda kukaa na watu wengine. Wiki hiyo hiyo nikaenda Chaka.

Nilimkuta ameinama juu ya geti. Alivua miwani ya kazi, akaniletea kiti.

"Nilichanganya mikono," nikasema. "Ya bampa. Pua ilikuwa sawa."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku niliposikia imekaa. Kazi yangu haikuguswa, na bampa imekaa. Ingekuwa nini tena?"

"Mbona hukunipigia?"

"Wewe ndiye ulikuwa na kitu cha kusema. Mimi ningesema nini?"

Nilimwomba msamaha. Alisema amenisamehe, na nadhani alisema kweli. Nilimwomba arudi Nyeri. Akasema, "Hapa niko sawa," akavaa miwani yake.

Kutoka pale nilienda hadi Kerugoya. Mama alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. "Mimi nimemsema huyo mtu kwa watu wengi," akasema. "Na maneno ulinipa wewe." Hakunikaribisha chai, naye ni mtu ambaye hata mpita njia humkaribisha chai. Baadaye nilisikia aliliendesha gari lile mpaka Chaka, akashuka mbele ya mageti, akamwomba rafiki yangu radhi, majirani wote wakisikia. Mimi nilimwomba tukiwa wawili tu.

Siku hizi mteja akiniletea gari lenye bodi iliyooza namwelekeza Chaka. Magari yanarudi yamechomelewa vizuri mno, huwezi kuuona mshono. Kila mara namuuliza mwenye gari kama fundi amempa neno la kuniletea. Wa mwisho, mzee mmoja mkulima wa kahawa, alifikiri kidogo akasema, "Hapana, alisema tu mlango wa kulia ufungwe polepole, rangi bado haijakauka."