Kopo la Tatu na la Nne

Watu walimwita Msemaji, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Aliendesha mashine ya sinema katika ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, ambako stoo ilijaa makopo ya filamu za Kijerumani za zamani, zile ambazo picha zilitembea lakini hazikusema. Kila mara picha ilikatika, yakatokea maandishi ya Kijerumani, naye Msemaji akapaza sauti kutoka nyuma kuwaeleza watu kilichoandikwa. Kijerumani chenyewe hakujua hata salamu. Alitazama nyuso, akatunga, akatia chumvi, na watu wakatoka wanafuta machozi.

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya binti wa mpiga kengele, makopo manne. Binti anaugua, anazikwa kwenye theluji, baba anaacha kupiga kengele. Kisha, katika kopo la mwisho, binti anakuja peke yake barabarani, anasukuma mlango ambao baba hakuufunga, anaingia. Wanaume wazima wa zamu ya mchana walilia bila haya.

Mwaka wake wa pili kazini, fundi mmoja aliyesomea Ujerumani alimvuta pembeni. "Bwana, umegeuza. La nne ndilo la tatu, vifuniko vimebadilishana. Binti anarudi kutoka hospitali, ndipo anakufa. Inaishia kaburini."

Kurekebisha ilikuwa kazi ya dakika moja. Lakini miezi michache nyuma surua ilikuwa imemchukua binti wa pekee wa Msemaji, mwenye miaka sita, na mkewe alikaa tu, hali wala hasemi. Siku alipomkokota hadi ukumbini, mkewe akaona yule binti anasukuma mlango, alirudi nyumbani akaomba chai. Jumamosi iliyofuata alitangulia yeye. Basi Msemaji akajitia hamnazo, vifuniko vikabaki vilivyo. Tangu hapo mkewe hakutia tena komeo kwenye mlango wao. Akigombezwa kuhusu wezi, alijibu, "Wataiba nini, sufuria?"

Kwa hayo mtu hawezi kumlaumu. Lawama inaanzia uzeeni, alipovimba kichwa. Kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani, ukumbi umekuwa ghala la saruji, na hakuna aliyekumbuka sauti yake. Ndipo akaja katibu wa chama cha wapenzi wa filamu za ajabu, mwanamke mpole mwenye daftari.

"Mzee wangu, tunaandika orodha ya filamu bubu za Kijerumani ambazo watu wetu wasikose," alisema. "Nani anazijua kukushinda?"

Angetaja mbili tatu akanyamaza. Aliongea saa mbili nzima. Akataja ile ya mshona glavu aliyeogopa mikono yake, na ile ya nyumba iliyokataa wapangaji. "Lakini ya kwanza kabisa," akasema, "andika ya mpiga kengele. Na jina langu uliandike pembeni." Kisha akainama mwenyewe, akayavuta chini ya kitanda yale makopo manne, aliyoondoka nayo kiwanda kilipofungwa, akampa. Hivyo ndivyo mtu anavyojipalia makaa.

Chama kiliisafisha filamu, kikainakili kwenye kompyuta, kikaweka tafsiri ya Kiswahili. Wiki moja kabla ya maonyesho katibu akapiga simu, sauti imejaa furaha. "Mzee, tumegundua kosa. Kopo la tatu na la nne yalibadilishana. Tumeshapanga sawasawa."

"Mama, nakuomba, rudisheni ilivyokuwa. Siku hiyo moja tu."

"Lakini sivyo ilivyotengenezwa, mzee. Tutachekwa."

"Kuna mtu mmoja atakuwepo."

"Naye ataipenda," alijibu kwa upole wa mtu asiyesikia.

Siku yenyewe ilipofika, Msemaji alijaribu kuumwa kichwa. Mkewe alikuwa ameshavaa gauni la kutokea, anafunga viatu. "Kitapoa hukohuko," alisema. "Miaka mingapi sijamwona."

Waliwekwa mstari wa mbele, viti vya wageni wa heshima. Binti aliposukuma mlango, mkewe aliubana mkono wa Msemaji, akachukua mkoba wake wainuke. Taa hazikuwaka. Akakaa tena. Likaja jeneza, likaja koleo, theluji ikafunika, na chini yakatokea maneno ambayo safari hii hayakumhitaji Msemaji. Nyuma yao watu walipiga makofi muda mrefu, wakisifu ujasiri wa mwisho ule.

Walitembea hadi karibu na kwao ndipo mkewe akauliza, "Ulijua lini?"

"Mwaka uleule."

"Sikuwa mwendawazimu, baba. Nilijua wetu harudi." Alisimama kuvuta pumzi. "Ila nilisema, kama kuna watu huko mbali walikaa wakamtengenezea baba mmoja mtoto wake akarudi, basi angalau mahali pamoja inawezekana. Kumbe hata wao walishindwa."

Msemaji alimpokea mkoba, wakaendelea kutembea.

Nyumbani mkewe hakuvua hata viatu. Komeo lilikuwa limeshika kutu, halikusogea, ikabidi aende jikoni akalete mafuta ya kupikia. Alilipaka taratibu, akalisukuma kwa viganja viwili mpaka likaingia. Nje jua lilikuwa bado halijazama.