Mtungi Niliomtobolea Paka

Paka dume wa nyumba yetu alianza kukojoa damu wiki ya tatu baada ya kumzika mume wangu. Niliikuta kwenye majivu ya jikoni: tone jekundu, na kando yake alama za miguu zinazoonyesha alivyochuchumaa, akajaribu, akahama, akachuchumaa tena. Nimezaa watoto sita na nimefuga ng'ombe maisha yangu yote. Mnyama anayehangaika kutoa mkojo namjua.

Tunao paka wawili. Jike ni wa juzi tu, anakunywa popote, hata maji ya mvua yaliyotuama kwenye alama ya kwato. Dume ni mzee. Mume wangu alimwokota kwenye shamba la chai hajafumbua macho, akamfutika ndani ya koti la mvua, na tangu siku hiyo wakawa wawili. Mimi hakunipenda sana, wala sikumbembeleza. Paka kazi yake panya. Lakini siku ile nilipoona damu niliogopa, maana ndani ya nyumba ile kiumbe mwingine aliyekuwa akimtafuta marehemu vyumbani ni huyo paka, na sikuwa na moyo wa kuchimba shimo la pili.

Nikampigia simu mjukuu wangu. Hapa nitajisifu, asiyetaka na aruke mstari: mjukuu wangu wa kike ni daktari wa mifugo, yuko Mbeya, na mimi bibi yake niliishia darasa la nne.

"Bibi, anakunywa maji?"

"Bakuli limejaa."

"Sikuulizi bakuli. Nakuuliza paka."

Ndivyo alivyo, hana maneno ya kuzunguka. Nikafikiri, nikagundua kwamba sijamwona akinywa tangu mazishi. Zamani mume wangu alipomaliza kula nilimmiminia maji ya kunawa kwa jagi, na paka alikaa chini ya mikono yake akiyadaka yanavyoshuka. Tulicheka kila siku kama vile tunaona jambo jipya. Sasa nakula bila yeye, nachovya vidole kwenye bakuli, basi.

"Huyo amezoea maji yanayotembea," mjukuu akasema. "Mtengenezee kitu cha kudondosha maji kutwa nzima. Mjini wanauza vya umeme, ila wewe utaweza bila umeme. Na nisikilize vizuri, Bibi. Mkojo bado unatoka. Siku ukikoma kabisa usingoje chochote, mtie kwenye kapu umlete, hata kama ni kwa bodaboda kwenye mvua."

Kwanza nilijaribu kummiminia kwa jagi mwenyewe. Alinusa, akaitazama mikono yangu, akaondoka.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa bado yupo kwangu. Kwake ni Masoko, lakini alisema haondoki mpaka anione nakula vizuri. Ana roho nzuri na mdomo kama panga. Aliponiona nakusanya vifaa akaegemea mlango.

"Wifi, sisi tulishuka mtoni na ndoo kichwani, matope mpaka magotini, leo paka anajengewa bomba lake?"

"Nani amekuomba ubebe ndoo?"

"Basi muwekee na taulo."

Nilichukua kibuyu changu cha maziwa, kile mama yangu alichonipa nilipoolewa. Nikatoboa tundu kwa chini kwa waya wa moto, nikachomeka mwanzi mwembamba kama kalamu, nikaziba pembeni kwa nta ya nyuki. Nikakining'iniza kwenye boriti ya baraza. Chini nikaweka bakuli la udongo, na ganda la mgomba la kupeleka maji yanayozidi kwenye ndoo, ili niyarudishe juu. Kazi nzuri kabisa. Fundi asingenifundisha kitu.

Kabla ya kutia maji nilifanya kama nilivyolelewa. Nikakisugua kibuyu kwa majivu na changarawe, nikatia ndani vijinga vya moto, nikatikisa, nikafunika mdomo mpaka moshi ukakolea. Kwa mama yangu kibuyu kisichofukizwa kilikuwa kibuyu cha mwanamke mvivu. Maziwa yakigandia kwenye kibuyu kilichofukizwa yana harufu yake, na ukiikosa hiyo harufu unauliza haya ni maziwa ya wapi.

Maji yakaanza kudondoka. Jike akaja, akanusa, akapiga chafya, akatoka nje. Dume akaja polepole, akasogeza pua, akakung'uta mguu mmoja kama aliyekanyaga uchafu, akarudi kulala.

"Yananuka moshi," wifi akasema.

"Yananuka usafi."

"Onja basi."

"Kibuyu cha mama yangu hakina kasoro. Paka atazoea."

"Na asipozoea?"

Sasa nitasema nililofanya, maana nikilificha haya mengine yote yatakuwa uongo. Niliondoa lile bakuli lake la zamani ili kiu imlazimishe. Siku mbili. Jike alikuwa anatoka anakunywa nje, lakini dume hakuwa anavuka baraza tangu msiba. Siku mbili nilipita karibu na kile kibuyu nasikia maji yanadondoka, najiambia leo atakunywa, na nilijua kabisa kwamba hanywi. Nilikuwa nashindana na paka mgonjwa kwa sababu ya heshima ya kibuyu.

Asubuhi ya tatu alikwenda kwenye majivu mara nne. Kilichotoka hakikufika ukubwa wa punje ya maharage, na kilikuwa chekundu. Kisha akajilaza kwenye sakafu, manyoya yamesimama, macho nusu. Kulikuwa na ukungu, baridi ile ya kwetu inayoingia mpaka kwenye meno, na yeye amelala kwenye saruji tupu.

Nikaenda barazani nikakinga kiganja chini ya kibuyu, nikanywa. Moshi mtupu. Hata mimi nisingemaliza kikombe.

Nikakishusha. Nikatafuta chombo kingine. Ndoo zote zina sabuni, madumu yana mafuta ya taa au ya kupikia. Macho ya wifi yalikuwa kwenye kona ya sebule, kwenye mtungi wa mume wangu.

Mtungi huo aliununua mwenyewe sokoni Tukuyu kwa wale akina mama wa Kikisi wanaoleta vyungu kutoka ziwani. Ulikuwa wake wa maji ya kunywa. Hakuna mwingine aliyechota humo, hata wajukuu. Tangu alipofariki ulikuwa umefunikwa kwa sahani, na maji aliyoyaacha yalikuwa bado humo. Sikuyagusa.

"Huo hautobolewi," nikasema.

"Sijasema kitu."

"Umetazama."

"Nimetazama, ndiyo. Ni wa kaka yangu. Mwenye haki ya kukataza ni mimi, na mimi sikatazi."

"Ukipasuka je?"

"Utakuwa umepasuka. Kaka yangu hayumo humo, wifi. Tulimzika, ulikuwepo."

Nilimchukia kidogo. Halafu nikatoa sahani. Maji yalikuwa yamepungua, yamebaki nusu. Nikaubeba mtungi mpaka migombani, nikayamwaga kwenye shina moja, polepole, sikutaka yasikike. Wifi hakunifuata, namshukuru kwa hilo.

Udongo uliochomwa hautobolewi kwa nyundo. Unaulowesha, unashika msumari wima, unauzungusha kwa vidole kama unayepekecha moto, unaacha, unalowesha, unaendelea. Ukiharakisha unabaki na vigae. Wifi aliushika mtungi katikati ya magoti yake, mimi nikazungusha. Mkono ulipochoka tukabadilishana. Unga mwekundu ulitoka kidogo kidogo kama ugoro. Kila mtungi ulipotoa mlio tulisimama wote wawili tukatazamana. Ulitokea ufa mmoja, mwembamba kama unywele, ukaenda urefu wa kidole, ukaishia hapo. Karibu na adhuhuri msumari ukapenya upande wa pili, na mimi nikajikuta nalia bila sauti huku nimeshika mwanzi na nta, kwa sababu sasa hakuna tena atakayenywa humo kama alivyokunywa yeye.

Tuliuweka juu ya matofali, sebuleni palepale. Nikatia maji ya bomba, yale yanayoshuka mlimani. Yakatoka matone, halafu uzi mwembamba. Nilimbeba dume nikamweka juu ya gunia, mbele yake. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Hakunywa. Jike ndiye aliyeanza, mlafi yule, akanywa mpaka kidevu kikalowa. Dume akamtazama. Akanyoosha mguu, akauweka chini ya maji, akauvuta, akaulamba. Akarudia. Mara ya tatu akajikokota akaweka ulimi wenyewe kwenye maji, akafumba macho, akanywa, akapumzika, akanywa tena.

"Usimwambie kitu," wifi akanong'ona. "Utamshtua."

Kunywa ni jambo moja, kutoa ni jingine. Nilijua kwamba kama hatakojoa, maji hayo yote yatamuua upesi zaidi. Kapu nilishaliweka mlangoni, na khanga ya kumfunika. Nikakaa kwenye kigoda nikamlinda. Chakula kikapoa. Mvua ikaja, ikapita.

Alasiri akainuka, akaenda kwenye majivu. Akachuchumaa. Hakuhama. Akakaa hapo muda mrefu, mkia unatetemeka, kisha akafukia vizuri kama paka mwenye adabu, akaondoka.

Nilipiga magoti, nikayafukua yale majivu kwa vidole. Mwanamke mzima, kitambaa cha msiba kichwani, natazama mkojo wa paka. Yalikuwa yamelowa donge kubwa kama ngumi. Damu hakuna.

Wifi alinikuta hapo chini akadhani nimeanguka.

"Nini tena, mwenzangu?"

"Amekojoa."

"Mwingi?"

"Mwingi."

Akakusanya khanga yake, akakaa na yeye kwenye majivu.