Boti ya Saa Tatu Iliyogeuzwa Saa Moja

Jua la asubuhi halijapanda sawasawa juu ya mapaa ya mji wa kisiwani wa Amu, na Rawiya Abdulwahid tayari anagombana na mtu wa Nairobi. Ameketi kwenye paa la nyumba yao, kompyuta ameipakata na mgongo ameuegemeza kwenye tangi la maji, kwa kuwa mtandao wa nyumba hii unapatikana hapa juu tu. Uchochoroni punda analia. Kwenye skrini meneja wake, Murithi, anauliza kwa mzaha ni nani huyo aliyeingia mkutanoni bila kualikwa.

Rawiya hacheki.

"Nijibu kwanza," anasema. "Mtu akishausoma ujumbe, kisha mwenyewe akaubadilisha, yule aliyesoma atajuaje?"

Murithi anamwambia kuwa watu hawataki kuumbuliwa kwa kila herufi waliyokosea. Tena, anaongeza, kwa watu wa visiwani mambo hayana haraka. Rawiya anamtazama mpaka anaacha kutabasamu.

Mama huyu wa watoto wawili, mwenye stashahada ya teknolojia ya habari, ni mbunifu wa Mnong'ono, programu ya soga inayotumiwa sana na vikundi vya familia na vya wasafiri wa boti. Kazi yake ni kuamua kitufe kikae wapi na kidole kikibonyeza nini kitokee. Inamlipa shilingi elfu sitini kwa mwezi, na nyumba nzima inakula hapo.

Mwaka jana alichora kitufe cha kuhariri ujumbe uliokwisha kutumwa. Katika mchoro wake wa kwanza, ujumbe uliobadilishwa ulibaki na alama ndogo chini yake. Wakubwa waliiondoa, wakasema inachafua skrini. Rawiya hakubisha. Mkataba mpya ulikuwa mezani na karo ilikuwa inasubiri.

Kilichomgeuza ni msiba.

Mwezi uliopita, alfajiri, Bi Esha, dada mkubwa wa mama yake, alifariki hapa Amu. Alikuwa ameacha wasia mmoja ambao ukoo mzima unaujua: asimwoshe mtu mwingine ila mdogo wake, Bi Hindu, anayeishi Chundwa, kisiwani Pate. Bi Hindu alipopigiwa simu alisema yuaja na boti ya saa tatu, kama alivyosoma jioni iliyotangulia katika kikundi cha abiria. Alipofika bandarini mapema na kanga zake mkononi, boti ilikwisha kuondoka. Maji yalikuwa yanatoka, na katika mfereji wa Mkanda hakuna chombo kitakachopita mpaka yajae tena.

Maiti haiwekwi. Walimsubiri mpaka ikakaribia adhuhuri, kisha Bi Esha akaoshwa na wanawake wengine, akasaliwa, akazikwa. Bi Hindu aliingia mlangoni jioni.

Alipoeleza habari ya saa tatu, mmoja wa jamaa alifungua kikundi mbele ya watu. Ujumbe wa nahodha ulisema saa moja. Bi Hindu akatoa simu yake mwenyewe, nayo ikasema saa moja. Basi maneno yakaanza: amelala, amepuuza, na sasa anasingizia watu katika nyumba ya matanga.

"Nilikuwa nimekaa pale pale," anasema Rawiya. "Simu ikapitishwa, nikaona saa moja, nikanyamaza. Mimi niliyekichora hicho kitufe."

Siku ya kuondoa matanga, Bi Hindu alimfuata jikoni. Hakulia. Alimuuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, niliona saa tatu kwa mato yangu haya. Nambie kweli, ndiyo nimeanza kupotewa na akili?"

Hapo ndipo Rawiya alipoelewa kuwa ujumbe ulikuwa umehaririwa. Alimtafuta nahodha, Bwana Bakr, akiwa amejiandaa kwa ugomvi. Bwana Bakr hakuficha kitu. Usiku wa kuamkia msiba, alipopiga hesabu upya, aliona maji yatawahi kutoka, akaufungua ujumbe wake wa jioni, akafuta saa tatu, akaandika saa moja. Hakuna simu iliyolia tena. "Nilisahihisha, Bi Rawiya," alimwambia. "Si ndiyo kazi ya kitufe?"

Jibu hilo bado linamchoma. "Ningempata mwongo ningemtukana nikapoa," anasema. "Nimempata mtu aliyebonyeza nilichomwambia abonyeze."

Mchoro mpya anaoupigania leo ni mwepesi kueleza. Ujumbe ambao haujasomwa na mtu, mwandishi aurekebishe apendavyo. Ukishasomwa, maneno ya kwanza hayaondoki: yanabaki chini ya yale mapya, na simu ya kila aliyeyasoma inalia upya. Haya yatahusu hata ujumbe wa zamani, kwa sababu maneno ya awali bado yamo katika hifadhi ya kampuni. Yamefichwa tu, na wafanyakazi hawaruhusiwi kuyatoa.

Murithi anasema wakubwa watakaa juma lijalo, na anamshauri asiwe mtu wa kesi. Rawiya anamwambia apeleke neno hili kama lilivyo: bila mchoro huu hagusi toleo jipya, wamtafute mwingine. Kisha anaifunga kompyuta kwa kishindo na kuanua nguo za watoto, huku akisema peke yake maneno yasiyofaa gazetini.

Anajua anachohatarisha. Anasema atapata mkataba mwingine.

Bi Hindu ameelezwa yote, lakini hajarudi Amu tangu siku ya kuondoa matanga. Jamaa wakimpigia simu kuomba yaishe, anawaambia hataki radhi ya mtu. Anangoja toleo jipya, saa tatu yake ionekane, kisha atapanda boti.

"Nitapita nyumba moya moya," alimwambia Rawiya. "Sitasema neno. Nitawapa simu wasome. Na nitaanzia kwako."