Bunduki ya Mzee wa Queensbury

Mwaka ule mke wangu alikuwa akitunza wazee Queensbury, kaskazini mwa London, nami nikawa naenda kumchukua jioni za Jumamosi. Siku moja nilimsubiri ndani ya duka la mboga, nikiongea kwa simu na baba yangu aliyeko Gilgil. Nilipokata simu, mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akichagua karoti aliniuliza kwa Kiswahili, bila hata salamu, huyo mzee wangu yuko Kenya sehemu gani.

Nikamwambia Gilgil.

"Gilgil ya jeshi?"

Nikasema ndiyo, baba alikuwa askari mpaka alipostaafu. Mzee akaweka karoti chini. Aliniuliza baba alibeba bunduki gani. Nilikuwa nimeishi London miaka tisa na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamweleza kadiri nilivyokumbuka kutoka kwenye picha iliyokuwa sebuleni kwetu: mtutu mrefu, kitako cha mbao, mkono wa kubebea juu, magazini ya risasi imechomoza chini ya tumbo. Akaitikia kwa kichwa kama daktari anayesikiliza dalili anazozijua.

"Hiyo mimi iko nayo nyumbani," akasema.

Nilidhani ananitania. Hakuwa mtu wa utani, kama nilivyokuja kujua. Alizaliwa Kisumu, akakulia nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, akahamia Uingereza kijana wa miaka ishirini na kitu wakati Wahindi wengi walipokuwa wakiondoka Kenya. Hapa naye alifungua duka, akastaafu, akafiwa na mke. Binti yake mmoja aliishi mji mwingine. Kiswahili chake kilibaki kile cha dukani, kifupi, kisicho na mapambo, nami nilikipenda kwa sababu kilinikumbusha nyumbani kuliko mahubiri yote ya kanisa letu la Peckham.

Ni yeye aliyenieleza kwamba nchi hii mtu wa kawaida anaweza kumiliki bunduki ya namna hiyo, lakini si kama ile ya baba. Ile ya baba ilikuwa ikijipakia yenyewe. Unavuta kifyatulio, risasi inatoka, gesi yake inasukuma chuma nyuma na risasi nyingine inaingia chemba bila wewe kufanya lolote. Aina hiyo raia alikatazwa zamani. Ya mzee ilikuwa na umbo lile lile na uzito ule ule, ila njia ya gesi ilikuwa imezibwa, hivyo kila baada ya risasi moja ilibidi uikoki tena kwa mkono. Na hata hiyo huipati bila cheti cha polisi, klabu ya shabaha, kabati la chuma lililofungwa ukutani, na wadhamini wawili wa kusema kwamba una tabia njema na akili timamu.

Nilijiunga na klabu yake majira yale ya kuchipua. Tulikuwa tukikutana stesheni ya Waterloo Jumapili asubuhi, yeye na mfuko mrefu mweusi ambao abiria wengine walidhani una fimbo za kuvulia samaki, mimi na chupa ya chai. Uwanja ulikuwa nje ya jiji, mbele yake nyasi, nyuma yake tuta la mchanga. Alinifundisha kulala kifudifudi, kukaza kitako begani mpaka kiwe kama mfupa wangu, kutoa pumzi nusu na kusubiri. Mara ya kwanza nilipofyatua, meno yaligongana na sikio likawa na mlio siku nzima. Tundu lilikuwa nje kabisa ya duara. Mzee hakucheka. Aliniambia niikoki tena.

Sikuwa mtu wa silaha. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazee, kazi yangu ni kugeuza miili iliyochoka isipate vidonda. Lakini dakika zile za kulala kwenye mkeka, na kuona kitu kimoja tu mbele yangu, zilinipa utulivu ambao sikuupata pengine popote. Baada ya mwaka nilipata cheti changu na nikanunua bunduki ndogo ya mazoezi. Ile kubwa tuliendelea kuipokezana.

Safari moja nilimpigia baba nikamwambia. Nilifikiri atafurahi kwamba mwanawe ameishika bunduki aliyoishika yeye.

"Mimi hiyo kitu niliibeba miaka kumi na minane," akasema, "na kila siku nilikuwa natafuta siku ya kuiweka chini. Wewe unaenda kuilipia."

Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipofariki, wala mimi sikuthubutu. Alikuwa ametumikia kaskazini mwa Kenya miaka ya hatari, na mambo ya huko hakuwahi kutusimulia. Nilimweleza mzee maneno ya baba tukiwa kwenye treni. Akasema baba yangu ana haki yake.

Siku hiyo hiyo ndipo aliponisimulia juu ya bunduki yake ya kwanza. Ile ilikuwa yenyewe hasa, inayojipakia. Aliinunua hapa Uingereza alipokuwa kijana wa dukani ambaye Jumapili tu ndiyo ilikuwa yake. Sheria ilipobadilika, aliipangusa kwa mafuta, akaifunga kwenye shuka, akaipeleka kituo cha polisi kwa miguu yake. Askari wa kaunta alimpa karatasi. Alisema alipotoka nje alisimama penye kituo cha basi akasahau basi lake ni namba ngapi. Kisumu aliiacha kwa sababu ya karatasi, ile ya uraia, na hii nayo akaiacha kwa sababu ya karatasi.

Alinisimulia hadithi hiyo tukienda. Tukirudi, akanisimulia tena, tangu mwanzo, kana kwamba sijawahi kuisikia.

Ningesema sikuona kitu, lakini kuona vitu hivyo ndiyo kazi niliyosomea. Niliona alipoanza kuandika namba ya mkeka wake kwenye kiganja. Niliona alivyotia sukari kwenye chai mara mbili, yeye ambaye aliacha sukari kwa ajili ya kisukari. Wodini ningeandika kwenye faili la mgonjwa siku ile ile. Kwa mzee nilijiambia ni uzee wa kawaida, kila mtu husahau.

Kisha ikaja Jumapili moja ya Novemba. Msimamizi wa uwanja alikuwa ameamuru kusitisha kupiga, bunduki zote zimeachwa mikekani, tupu, chemba wazi, na watu sita wametembea mbele kwenda kubandika karatasi kwenye matundu ya shabaha. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma nikifuta miwani. Nilipoivaa nilimwona mzee amelala kwenye mkeka wake, kitako begani, shavu juu ya mbao, mtutu umeelekea kwa wale watu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukipapasa mfuko wa risasi.

Nilipiga magoti nikaweka kiganja changu juu ya mkono wake. Sikupaza sauti. Nilihofia angeshtuka.

"Tunaanza?" akaniuliza.

"Bado, mzee. Watu wako mbele."

Akainua kichwa akawaona. Sijui kama nimewahi kuona uso ukipoteza rangi hivyo, hata wodini. Aliiweka bunduki chini polepole, akakaa, akawa anatazama mikono yake. Huyu ndiye mtu aliyewahi kunifukuza mkekani mbele ya wanachama wote kwa sababu tu nilisogeza kidole kabla ya amri.

Hakuna mwingine aliyeona. Nami sikumwambia msimamizi. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi ya yote yaliyofuata: niliogopa aibu yake kuliko nilivyoogopa risasi. Nilibeba mfuko wake mpaka stesheni.

Baada ya Krismasi aliniita kwake. Nyumba ilikuwa na harufu ya ubani na mafuta ya bunduki. Mezani aliweka fomu ya kuhuisha cheti, ambacho huisha kila baada ya miaka kadhaa, na jina langu alikuwa amelijaza mahali pa mdhamini. Nilimwambia polepole kwamba labda wakati umefika wa kupumzika. Nilimwambia tungeweza kuipeleka pamoja kwa muuza silaha, akaiuza kwa hiari, na Jumapili tukaendelea kwenda kutazama tu na kunywa chai.

"Mimi nimeshatoa moja," akasema.

"Najua, mzee."

"Basi usiniambie nitoe mara ya pili."

Akanipa kikombe cha chai, akabadilisha mazungumzo. Alitaka kujua mke wangu anaendeleaje. Aliuliza mara tatu.

Wiki chache baadaye, nikiwa chumba cha mapumziko cha wodi, afisa wa polisi wa kitengo cha silaha alinipigia. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Aliuliza nimemjua mzee muda gani, kama ana ugomvi na mtu, kama anakunywa pombe. Yote hayo yalikuwa mepesi. Mwishoni akauliza kama kuna jambo lolote juu ya afya yake ambalo wangepaswa kulijua.

Nilitazama ukuta. Kulikuwa na bango la kutukumbusha kunawa mikono. Nilifikiri juu ya wale watu sita mbele ya tuta la mchanga, mmoja wao msichana aliyekuja na shangazi yake kujaribu kwa mara ya kwanza. Nikamweleza yote: chai, hadithi inayorudiwa, siku ile ya Novemba. Niliongea kama ninavyokabidhi zamu, kwa mpangilio, bila huruma sautini. Akanishukuru. Nilirudi wodini nikamlisha bwana mmoja uji, kijiko kikagonga meno yake.

Polisi walienda kuichukua Alhamisi. Jumamosi mzee akanipigia.

"Ni wewe?"

Ningeweza kusema daktari wake ndiye aliyeandika. Angeamini, au angesahau.

"Ni mimi, mzee."

Sauti yake ilipokuja haikuwa na hasira, ilikuwa safi kabisa, kama ya yule mzee wa karoti miaka kumi na miwili kabla.

"Umefanya sawa," akasema. "Lakini usije tena."

Sikwenda. Hapo pia nimejiuliza maswali. Mgonjwa akikufukuza asubuhi, jioni unarudi na kumwuliza kama anataka blanketi. Ningeweza kurudi. Huenda mlango angeufungua akiwa hakumbuki kosa langu. Lakini sikutaka kusamehewa kwa sababu ya ugonjwa, na kiburi hicho nikakiita heshima.

Mwaka na nusu ulipita. Binti yake alinipigia kusema mzee amefariki kwenye nyumba ya wazee, na wameshamchoma kwa desturi yao. Alitaka kuonana nami. Tulikutana mkahawani karibu na hekalu la Kihindu la Neasden, ambako alikuwa amekwenda kumwombea. Alizaliwa London, Kiswahili alikielewa lakini alijibu kwa Kiingereza. Alitoa bahasha. Ndani kulikuwa na barua ya baba yake, iliyoandikwa kwa mwandiko wa kuyumba, kwamba bunduki polisi wameihifadhi stoo kwa muuza silaha na apewe yule muuguzi wa Peckham kama polisi watamruhusu.

Niliuliza iliandikwa lini. Aliigeuza, akanionyesha tarehe. Ilikuwa mwezi mmoja baada ya ile simu ya kunifukuza.

Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitarajia. Alisema baba yake aliwaambia watu wote kwamba aliipeleka mwenyewe polisi, kwa hiari, kama alivyoipeleka ile ya zamani, na kwamba alijivunia sana jambo hilo. Kila aliyemtembelea alisimuliwa. Akanishukuru kwa kuwa rafiki yake. Halafu, akikunja leso ya karatasi, akauliza mbona niliacha kuja mwishoni, maana mzee alikuwa akiuliza.

"Aliuliza nini?"

Alisema alikuwa akiuliza kama ni Jumapili.

Nilimwambia ni zamu za kazi. Akaitikia kwa kichwa. Alisema anajua kazi za hospitali zilivyo. Tukamaliza chai.

Polisi waliniruhusu. Sasa ni yangu, iko kwenye kabati la chuma chumbani kwetu Peckham, nyuma ya makoti. Mara ya kwanza nilipoipeleka uwanjani mvua ilikuwa ikinyesha kwa ubavu na tulikuwa watu wanne tu. Nililala mkekani, maji yakapenya viwiko vya koti. Nikaikoki, nikatoa pumzi nusu, nikafyatua, nikaikoki tena. Msimamizi alipoamuru kusitisha, niliondoa magazini, nikafungua chemba, nikainuka, nikarudi nyuma hatua tano zaidi ya inavyotakiwa. Nilisimama huko mpaka watu wote waliporudi.

Nilipiga kumi. Saba zilikuwa ndani ya duara, hakuna iliyofika katikati. Nikaisafisha, nikaifunga, nikapanda treni. Nyumbani mke wangu aliuliza ilikuwaje.

Nikamwambia kulikuwa na baridi.