Kilo Sitini na Moja

Nilipaswa kukataa. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, kiangazi cha 2015, kwenye uwanja mdogo wa nyasi nje ya Louisville. Rafiki yangu alisimama kando ya ndege aliyoijenga mwenyewe, penseli sikioni, akaniuliza, "Fundi, una kilo ngapi?" Nikamjibu, "Sitini na moja." Akaandika. Nikapanda kiti cha mbele.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilishona Uvira miaka mingi, kisha nikashona kwenye kambi ya wakimbizi, na cherehani ndiyo kitu cha kwanza nilichonunua Marekani. Mke wangu tulimzika kambini. Nilikuja na binti yangu mmoja, naye alipata kazi ya usiku ya kuhudumia wazee. Mimi nilibandika lebo kwenye maboksi ghalani. Nilikuwa nikirudi nyumbani yeye anatoka, tunapishana mlangoni, halafu nabaki nikisikiliza friji ikinguruma.

Jirani yetu alikuwa Mzungu wa umri wangu, mstaafu wa kiwanda. Siku moja alisikia cherehani yangu kupitia dirishani, akaja kubisha hodi ameshika kipande cha kitambaa cheupe na sindano ndefu kama mkono wa mtoto mchanga.

"Unaweza kushona na hii?" akauliza.

"Unataka kumshonea tembo?"

Alicheka, akanipeleka gereji yake. Ndani kulikuwa na mifupa ya ndege. Alikuwa anaunda nakala ya ndege ya zamani, ya miaka ya thelathini, mbao tupu na waya, viti viwili vilivyofuatana bila paa. Mabawa yalikuwa yameegemezwa ukutani, mbavu nje, kama ng'ombe wa kiangazi kibaya.

Kitambaa cha bawa hushonwa na watu wawili. Bawa husimamishwa wima, mmoja huku, mwingine kule. Unachoma sindano yenye uzi wa nta kando ya ubavu, mwenzako anaipokea na kuirudisha upande wa pili, unafunga fundo, mnasogea vidole vinne. Hamuonani. Mnaongea kupitia kitambaa. Tulifanya hivyo kila Jumamosi kwa majira mawili ya baridi. Kiingereza changu nilijifunza pale, kutoka kwa sauti isiyo na uso.

Mke wake alipita siku moja na vikombe vya kahawa. "Mkishafunga ndoa nyinyi wawili," akasema, "mniambie nioke keki."

Nilimuuliza kama haogopi kuruka na kitu alichokitengeneza gereji.

"Naogopa kila siku," akasema kutoka ng'ambo ya bawa. "Ndiyo maana naandika." Ukutani alikuwa amebandika karatasi: upepo ukifika kiasi hiki, haruki, injini ikizimika baada tu ya kupaa, hageuzi kurudi, anatua mbele popote palipo. "Ndege haijui kama mimi ni mtu mwema, Fundi. Inajua uzito, upepo na joto. Basi."

Ilipokamilika, sheria ilimtaka airushe peke yake saa arobaini kabla ya kubeba abiria. Alizimaliza kidogo kidogo tangu masika. Mimi nilikaa kwenye kiti cha kukunja kando ya uwanja nikiyatazama mabawa yangu yakienda na kurudi, na kila alipotua nilikuwa na aibu ambayo sikuweza kumweleza vizuri. Kwetu, milimani juu ya Uvira, anayekukaribisha maziwa huonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Ukimpa mtu kibuyu bila kuonja, ni kama umesema mwenyewe kwamba humo mna sumu. Mimi nilikuwa nimemwachia mtu anywe saa arobaini bila kuonja hata funda moja.

Nilijaribu kumwambia. Akacheka. "Nimeshakunywa, Fundi, na sijafa!"

"Bon, sawa. Lakini mimi sijaonja."

"Utaonja. Ndege haikimbii."

Lakini mimi nilikuwa naondoka. Binti yangu alikuwa amepata kazi Columbus, ya mchana, na tulikuwa tuhame mwisho wa Agosti. Nilimwambia rafiki yangu kwamba Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho.

Siku hiyo joto lilikuwa kali. Alitazama kipimajoto, akakuna shingo. "Joto hili linanyang'anya bawa nguvu, na uwanja huu ni mfupi. Leo sibebi mtu anayezidi kilo sabini. Ukizidi, utarudi Oktoba hewa ikipoa. Nitakuja kukuchukua Columbus mwenyewe." Akautoa mzani wake wa bafuni kwenye gari. Betri ilikuwa imekufa. Ndipo akaniuliza.

Sitini na moja ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya daktari aliyenipima kambini kabla ya safari. Kila ofisi ya Marekani iliponiuliza uzito, niliitoa karatasi hiyo, nao wakanakili. Kwa hiyo sikuibuni namba. Lakini mimi ni fundi wa nguo. Tangu tufike nilikuwa nimeachia kiuno cha suruali zangu mara mbili kwa mikono yangu, na asubuhi ile nilikuwa nimesogeza kifungo tena. Hakuna mtu Louisville aliyejua upana wa kiuno changu kuliko mimi. Oktoba niliiona mbali. Nikasema sitini na moja.

Alinifunga mikanda, akanionyesha kibao kidogo mbele ya kiti. "Soma kwa sauti. Lazima." Nikasoma kwamba ndege hii imejengwa na mtu asiye mtaalamu na haifikii viwango vya ndege za kawaida. "Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Magurudumu yalichelewa kuacha nyasi. Uzio ulikuja, tukauruka kwa urefu wa mtu, halafu ndege ikawa kama imesimama hewani inafikiri. Alisema neno moja ambalo sikulisikia. Bawa la kushoto likashuka, tukaanguka kwenye shamba la soya.

Nilivunjika mfupa wa bega. Yeye hakutembea tena. Nilipokuwa nimening'inia kwenye mikanda nililiona bawa lililosalia juu yangu: hakuna fundo hata moja lililofunguka.

Mpelelezi alikuja na maswali, akachukua uzito wangu kutoka kwenye daftari la rafiki yangu. Aliandika kwamba chanzo hakijulikani kwa hakika, huenda ni injini. Nilikuwa nimekaa mbele yake, mkono umefungwa shingoni. Nilinyamaza.

Columbus tulipanga mtaa wa Linden, vyumba vya juu. Kila asubuhi binti yangu alipanda basi kwenda mtaa wa Clintonville kumsukuma bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Jioni alinieleza mazingira yake ya kazi, jinsi ya kumwinua mtu bila kumuumiza, nami nilitoka chumbani.

"Papa, mpigie rafiki yako simu," alisema, kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

Nilipiga. Mke wa rafiki yangu alisema amelala. Mara ya tatu alisema wanahamia Buffalo, kwa dada yake.

Aprili nilichukua basi hadi Buffalo. Theluji chafu ilikuwa bado imelundikana pembeni mwa maegesho. Nilimkuta rafiki yangu dirishani kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, blanketi miguuni. Alifurahi kuniona. Hilo ndilo lililonishinda.

"Fundi! Keti. Nimegundua, ni kabureta," akasema. "Injini ile nimeifungua na kuifunga kichwani usiku na mchana. Kuna mahali nilifanya uzembe. Vifaa vyangu nimewagawia watu. Mtu kama mimi hastahili kushika spana. Nisamehe kwa bega lako."

Mke wake alitazama sakafu. Nilielewa kwamba maneno hayo ameyasikia kila siku.

"Siyo kabureta," nikasema. "Hospitali walinipima siku ileile. Nilikuwa na sabini na tisa."

Penseli haikuwa sikioni, lakini niliona anapiga hesabu.

"Ulijua?"

"Namba yenyewe sikuijua. Lakini nilijua nimezidi. Suruali zangu nazishona mwenyewe."

"Na miezi minane yote hii?"

Aligeuza kiti kuelekea dirishani. "Basi lako ni saa ngapi, Fundi?"

"Saa kumi."

"Usilikose."

Nilimwandikia barua mbili. Hazikujibiwa, wala sidai jibu. Sitini na moja yangu ilimnyang'anya rafiki yangu miguu. Ukimya wangu ulimnyang'anya imani na mikono yake mwenyewe. Mimi ulinigharimu yeye, rafiki pekee niliyempata katika nchi hii.