Sahani ya Aliye Njiani

Naikumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, miaka ile ya hamsini, nikiendesha lori la mchele la mfanyabiashara mmoja wa Iringa. Dereva wakati ule alikuwa mtu, usifanye mchezo! Lakini mshahara wangu wote uliishia mwilini na tumboni. Mwezi ule fundi mmoja wa Iringa alinishonea koti zito la sufu lenye vifungo vyeusi. Kifungo cha tatu peke yake kilikuwa cheupe, maana vyeusi vilimwishia, nami sikuwa na subira ya kungoja.

Karibu na Chimala rejeta ikachemka. Utingo wangu akachukua debe akaenda mtoni kuchota maji, nikabaki peke yangu. Ukungu ulikuwa mzito, hata pua ya lori siioni vizuri. Nikasikia mtu anakohoa. Akatokeza mzee, amekonda, hana viatu, akaja mpaka mlangoni kwangu. Nikamwamkia shikamoo. Alinitazama kama mtu aliyerudi kwake kutoka safari ndefu.

"Umeniwekea nini?" akauliza.

Nikapapasa mifuko, sina hata senti. Nikamwambia sina kitu. Akatikisa kichwa, akajikunyata, ndipo nikaliona koti lake. Lilikuwa limepauka na kuchanika viwiko, lakini kifungo cha tatu kilikuwa cheupe. Niliogopa, mwanangu. Nikafumba macho kidogo tu, na nilipofumbua hayupo. Kwenye tope palikuwa na nyayo zake zinazokuja kwangu. Za kuondoka hazikuwapo.

Jioni nilimsimulia mama, kule kwetu mlimani nje ya Mbeya. Nilitaka acheke, nami nipumue. Sasa, kwetu hatukuwa tukila mpaka aliye safarini ametengewa chakula chake, hata kama haijulikani atarudi lini. Mama alikuwa anafunika sahani ya baba aliyekuwa safarini, na mkono wake ukabaki juu ya kifuniko.

"Huyo yuko njiani, anakuja kwako," akasema. "Nawe humwekei hata tonge. Akifika na njaa yake, atakula koti?"

Tangu mwezi uliofuata, kabla sijagusa mshahara, nilitoa kwanza fungu la mzee yule. Nikanunua mtamba huko Rujewa, nikamwachia mfugaji anichungie, maziwa yawe yake na ndama wawe wangu. Ndama wakazaa, na baada ya miaka wakanijengea vyumba vya kupangisha mjini Mbeya. Kuna miezi nilimwibia mzee, sitakudanganya. Miezi hiyo nilisikia kikohozi nyuma ya mlango, nikafungua, hapana mtu. Nikarudisha upesi.

Mwaka jana nilikwenda Chimala kwenye msiba wa rafiki yangu. Kulikuwa na baridi, nikavaa koti lile lile, viwiko vimekwisha. Asubuhi nilipotoka kunyoosha miguu kando ya barabara, ukungu ukanifunika. Mbele yangu lilisimama lori, aina ambayo siku hizi haipo tena, linatoa mvuke. Mlangoni alikaa kijana mwenye koti jipya, macho yamemtoka kwa hofu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nikachagua moja.

"Nimeikuta sahani yangu, baba," nikasema. "Ahsante."

Akatabasamu. Ukungu ulipoachia, barabara ilikuwa tupu.

Basi, mwanangu, ukipokea chako, anza na sahani ya huyo aliye njiani, ndipo nawe ule. Usingoje mpaka upate kingi; weka tonge kila mwezi, hata likiwa dogo. Wala usimtupie mwanao mzigo wa kumlisha mzee wako, maana mwanao naye ana mzee wake anayekuja. Mungu akutembeze salama mpaka uzeeni, na siku utakayobisha hodi huko, ukute moto unawaka na chakula kimefunikwa.