Kamanda na Adui Asiyeanguka

Najua mtacheka, ila mcheke taratibu. Mtaani kwetu Maisaka, kwenye kibanda cha gemu cha Mama Neema, mimi nilikuwa naitwa Kamanda. Cheo nilijipa mwenyewe, kwa sababu ya gemu la vita nililocheza nikiwa darasa la pili, lililotoka siku zile zile mashine ya kulichezea ilipotoka. "Picha zake ni kama sinema," nilikuwa nawatambia wenzangu. "Unaona hadi jasho la adui!"

Jumamosi moja Mama Neema akalipata gemu lile kwa fundi, pamoja na mashine yake kuukuu.

"Haya Kamanda, tuonyeshe," akasema Baraka, ninayesoma naye. "Ukichemka, cheo basi."

Likawaka. Jamani! Wanajeshi walikuwa na sura za viazi, na msitu wote ulikuwa kama uji wa kijani. Lakini, niseme ukweli, raha ilinipanda kama zamani. Nikamwona adui kasimama kando ya njia, mikono imening'inia. Nikammiminia risasi. Hakuanguka. Nikamwongezea bomu.

"Mnaona?" nikapaza sauti. "Maadui wa zamani walikuwa wagumu, siyo hawa wenu wa siku hizi!"

Wenzangu wakaziba midomo kwa viganja. Nikadhani ni heshima.

Mama Neema, ambaye hajawahi kucheza gemu maishani, akaacha kukaanga chipsi, akasogea hadi kwenye kioo.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "huo mgomba umekukosea nini?"

Nyuma yangu Baraka akasimama wima, akapiga saluti.

"Shikamoo, Bwana Shamba."